Mgongo Mzima: Mwongozo Kamili wa Tatuu Kubwa, Kutoka kwa Mchoraji wa Kigoma

Kabla ya ngozi nilichora mbao. Nilikuwa kijana wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kazi yangu kuandika majina ya boti kwa rangi ya mafuta. Siku moja mzee mwenye boti aliniamuru nifute jina zima nililokuwa nimelipamba kwa mikunjo na maua kwa siku mbili. Sikumwelewa. Akanishika mkono, tukatembea ufukweni, tukawapita akina mama wanaoanika dagaa, kisha akaniambia nigeuke. Niliona doa jekundu tu. "Mwanangu," akasema, "jina la boti halisomwi na aliyesimama kando yake. Linasomwa na aliye majini."

Sasa nachora tatuu mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, na sijapata mwalimu mwingine aliyenifunza zaidi ya yule mzee. Nimefunika tatuu nyingi zilizoharibika, na karibu zote zina kosa hilohilo: zilichorwa za kutazamwa kwa karibu siku ya kwanza. Tatuu ya mgongo mzima au mkono mzima ni kazi nyingine. Haya ndiyo ninayowaambia wanaokuja, kwa mpangilio ninaowaambia.

Hatua ya kwanza: hesabu miezi, pesa baadaye

Kwa mkono wangu, mgongo kuanzia shingoni hadi kiunoni hula kama saa 30 ukiwa na nafasi nyingi za wazi. Ukijazwa kivuli na rangi unapita 60. Kikao kimoja ni saa tatu hadi nne. Ikifika ya tano mwili huanza kutetemeka, ngozi inavimba na wino unakataa kukaa. Kati ya kikao na kikao, sehemu ileile ipumzike wiki tatu au nne. Kwa hiyo mchoro wa saa 40 ni vikao kumi, na vikao kumi ni miezi saba au minane, kama hujaugua malaria katikati na mtoto hajafukuzwa ada; yakitokea hayo, ni karibu mwaka mzima.

Anayeona mwaka ni mwingi namwambia habari za wenzetu. Japani, mchoro wa mwili mzima kwa sindano za mkono huchukua miaka, mteja akienda kwa fundi wake kikao baada ya kikao. Samoa mwanamume huchorwa pe'a, kuanzia kiunoni hadi magotini, kwa vifaa vinavyogongwa kwa fimbo. Akishindwa katikati, hubaki na ile isiyokamilika, na aibu yake humfuata pamoja na familia. Sisi hatuna aibu ya namna hiyo, lakini nusu ya mgongo haifichiki ukivua shati.

Wavuvi wana kalenda yao. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazina kazi, kwa hiyo wanapumzika. Wengi hupanga kikao siku hizo wakidhani wamepiga ndege wawili kwa jiwe moja. Si hivyo. Mapumziko yao ni kama wiki moja, na ngozi mbichi inataka wiki mbili hadi nne bila kuguswa na maji ya ziwa. Mvuvi akitaka mgongo, ajue kila kikao kitamgharimu sehemu ya giza linalofuata. Hiyo ndiyo bei yake halisi, kubwa kuliko ninayomtoza mimi.

Kuna na mlango mwingine wa kuuangalia kabla haujafungwa. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi hutaka mwombaji asiwe na michoro mwilini, na shati halitakusaidia siku ya kukaguliwa afya. Kama una umri wa miaka 19 na bado unawaza kombati, ngoja. Aliye chini ya 18 simchori hata aje na mjomba wake. Kuhusu dini na wazee wa nyumbani, Ujiji ni Ujiji. Kila mtu anajua baba yake atasema nini. Ninachoomba ni kwamba mazungumzo hayo yafanyike kabla ya mstari wa kwanza, yasingoje kikao cha nne.

Hatua ya pili: ijue ngozi yako

Hapa nitakaa kidogo, maana michoro mingi ya mtandaoni imetengenezwa kwa ngozi nyeupe na vijana wetu huinakili kama ilivyo.

Sindano hupeleka wino kwenye tabaka la pili la ngozi, kina cha milimita moja hadi mbili. Tabaka la juu hubanduka na kuzaliwa upya kila baada ya wiki kadhaa, ndiyo maana wino ulioishia juu hupotea. Ule wa chini humezwa na seli za kinga, ambazo haziwezi kuusaga. Seli ikifa, nyingine inaudaka. Tatuu inadumu kwa kudakwa hivyo, ila chembe kidogokidogo huhama. Mstari wa leo utanenepa, na nafasi ndogo kati ya mistari miwili itazibika.

Weusi wetu nao, ile melanini, uko tabaka la juu, yaani juu ya wino. Rangi yoyote utakayotia utaitazama kupitia kioo cha kahawia. Njano inageuka haradali, nyeupe inakuwa kama kovu, waridi halionekani kabisa. Nyeusi inang'aa. Nyekundu iliyoiva inakaa, buluu nzito inakaa, kijani cha jani la mchikichi kinakaa. Usiamini maneno yangu: mwambie mchoraji akutie vitone vya kila rangi mahali pa siri, subiri wiki sita, kisha uchague kwa macho yako.

Kumbuka pia kwamba ngozi tupu ni rangi. Wamakonde walilijua hilo zamani: nembo zao za usoni na mwilini zilikuwa mistari mizito ya kupindapinda, ngozi ikichanjwa na kupakwa mkaa, na ulimtambua mtu kabla hajakufikia. Hawakuhitaji njano.

Kisha kovu. Ngozi nyeusi ina tabia ya keloidi, kovu linalovimba na kutambaa nje ya jeraha. Angalia alama ya chanjo ya kifua kikuu kwenye mkono wako, na matundu ya masikio kama unayo. Ikiwa kovu dogo lile limegeuka uvimbe mgumu, au mama na ndugu zako wana makovu hayo, mgongo mzima ni kamari. Kifua na mabega ndiyo sehemu mbaya zaidi. Nimewarudisha wateja wenye pesa mkononi kwa sababu hiyo, na mmoja alinitukana.

Mwenye kisukari, siko seli, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye ugonjwa wa ngozi aanzie kwa daktari. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Na kila anayepanga vikao kumi vya sindano namshauri apate chanjo ya homa ya ini aina B: dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Ukianza nayo leo, itakwenda sambamba na kuandaa mchoro.

Hatua ya tatu: mpime fundi

Usiombe picha za tatuu alizomaliza jana. Mbichi zote ni nzuri. Omba zilizopona, za mwaka mmoja au miwili, kwenye ngozi yenye rangi kama yako. Ikiwezekana umwone mteja mwenyewe. Tazama kama mistari imeshikana sawasawa au imetawanyika kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Hiyo ni alama ya mkono uliozama mno.

Ukiingia chumbani kwake, kaa kimya na uangalie mikono. Sindano inafunguliwa mbele yako kutoka kwenye pakiti yake na inatupwa kwenye kisanduku kigumu baada ya kazi. Wino unamiminwa kwenye vikombe vidogo na unaobaki haurudi chupani. Glavu zinabadilishwa kila akishika simu. Vifaa vya chuma vinavyotumika tena lazima vipite kwenye autoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 121 kwa dakika 15 chini ya mgandamizo. Kuvichemsha kwenye sufuria hakutoshi, na kuvifuta kwa spiriti hakutoshi kabisa. Wino usizimuliwe kwa maji ya bomba. Maji hayo yana bakteria wasiokudhuru tumboni lakini wakitiwa chini ya ngozi huleta vipele vinavyochukua miezi kupona. Homa ya ini na VVU hupita njia hiyohiyo ya sindano, na mchoraji anayekasirika ukimuuliza amekwisha kukujibu.

Muulize umeme ukikatika anafanyaje. Jibu zuri ni mashine ya betri na taa ya kuchaji. Jibu baya ni tochi ya simu.

Hatua ya nne: mchoro wenyewe

Kijana mmoja wa Katonga alikuja akitaka MV Liemba mgongoni. Babu yake alifanya kazi humo, na yeye alikuwa na historia yote kichwani: ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, ikaopolewa 1924. Alitaka meli nzima ijaze mgongo, kila dirisha, kila kamba, abiria na magunia yao, na mitumbwi inayoifuata kupakua watu. Alikuwa amechora mwenyewe kwa kalamu, na kwa kweli alichora vizuri.

Nilibandika karatasi yake ukutani nikamwambia atoke nje, avuke barabara, asimame kwa muuza vocha na aniambie anaona nini. Akarudi akacheka. "Bro, naona kiatu."

Dirisha lenye ukubwa wa punje ya mchele litakuwa nukta baada ya miaka kumi. Kwa hiyo tulianza upya. Meli ikashuka chini upande wa kushoto, juu kidogo ya kiuno, umbo moja jeusi zito lenye madirisha manane tu ya ngozi tupu. Milima ya Kongo, ile inayoonekana ng'ambo siku ya anga safi, ikapita kwenye mifupa ya mabega kwa kivuli chepesi. Katikati yote ni ziwa, na ziwa hatukulichora. Mistari sita mirefu ya mawimbi, basi. Ngozi yake ndiyo maji.

Kanuni ninayoifuata ni ya theluthi: theluthi nyeusi, theluthi kivuli, theluthi ngozi. Si ya kupima kwa rula, lakini mchoro ukikosa mojawapo huonekana bapa. Mteja akiniambia "jazajaza hapo" huwa namuuliza kama nyumbani kwake amejaza viti hadi mlangoni.

Mwili nao hautulii kama ubao. Uti wa mgongo ni mhimili, chochote kikikaa pembeni yake kwa sentimita moja kitaonekana kimepinda kila siku ya maisha yako. Mstari ulionyooka ukipita mbavuni unapinda unapovuta pumzi. Uso wa mtu ukiwekwa juu ya mfupa wa bega hununa anapoinua mkono. Ndiyo maana stenseli, karatasi inayonakili mchoro kwenye ngozi, hubandikwa mteja akiwa amesimama wima, mikono imelegea, kamwe asiwe amelala. Kisha nampigisha mazoezi: inua mikono, inama, geuka, beba ndoo. Nikiona kitu kimevunjika nafuta na kubandika tena. Mara moja nilibandika mara tano, asubuhi ikaisha bila tone la wino, na ile ndiyo kazi yangu ninayoipenda kuliko zote.

Amua pia mchoro unaishia wapi. Kama una mawazo ya kushuka mkononi miaka ijayo, sema sasa, tuache mlango begani. Mchoro mkubwa uliounganishwa baadaye bila mpango huonekana kama shuka lililotiwa viraka.

Ukitaka kuuzoea kabla, nichore kwa kalamu ya wino wa kawaida juu ya ngozi, ukae nao siku tatu. Usipake piko. Rangi ile ya nywele inaweza kukuunguza, na ngozi iliyoungua haichoreki.

Pesa, kwa ufupi

Kubalianeni kama ni malipo ya kikao au ya kazi nzima, na muandike. Mimi hupendelea kikao, kwa sababu fundi aliyelipwa zote mwanzoni hulegea, na mteja anayedaiwa zote mwishoni hupotea. Kishika uchumba ni kwa ajili ya muda wa kuchora karatasini. Hakirudi ukibadili mawazo.

Hatua ya tano: siku ya kikao

Lala usingizi wa kutosha. Usinywe pombe tangu jana yake. Pombe huongeza kutoka damu na ustahimilivu wako haukai. Kula chakula kizito, ugali na mgebuka sina ugomvi nao, na uje na maji na soda au juisi, maana sukari ikishuka saa ya tatu unazimia. Vaa shati la zamani lenye vifungo mbele. Ukiwa na homa, kaa nyumbani. Ukitoka Tabora kwa treni, panga kulala Kigoma: usiku mzima kuegemea kiti ukiwa na mgongo mbichi sikutakii.

Kikao cha kwanza, na mara nyingi cha pili, ni mistari peke yake, kutoka juu hadi chini. Usikubali fundi amalize kona moja kwa kivuli na rangi huku kwingine hakuna kitu. Mistari yote ikiwepo, hata ukikwama miezi sita kwa sababu ya pesa, una mchoro unaoeleweka. Baada ya hapo huja weusi wa kujaza, kisha vivuli kwa sindano za safu pana, na rangi mwisho, kwa sababu nyeusi ikipita juu ya rangi mbichi huichafua.

Maumivu yapo. Mbavu, uti wa mgongo na karibu na kwapa ndizo mbaya. Nyama ya juu ya bega ni nafuu. Hayafanani na kukatwa, ni kama kuchanwa palepale pamekwisha kuungua na jua. Dakika kumi za kwanza ni kali, kisha mwili huzoea, kisha mwishoni huchoka kuzoea. Pumua taratibu, na ukitaka mapumziko sema. Krimu za ganzi usizipake mgongo mzima: dawa ile ikifyonzwa na eneo kubwa la ngozi huweza kusumbua moyo.

Kwenye ngozi nyeusi mchoraji hawezi kungoja wekundu umwambie asimame. Natazama mng'ao. Ngozi ikianza kung'aa kama imepakwa ute na kuvimba kidogo, imeshiba. Ukiendelea unatengeneza kovu.

Hatua ya sita: wiki nne za uvumilivu

Kazi yangu ni nusu. Nusu ya pili unaifanya wewe nyumbani, na hapa ndipo Kigoma inapotutesa.

Kifuniko ukitoe baada ya saa chache, isipokuwa fundi amekuwekea ile plastiki ya kukaa siku kadhaa. Osha kwa mkono safi, maji yaliyochemshwa yakapoa, na sabuni isiyo na manukato. Sabuni ya mawese ya kienyeji ni nzuri kwa nguo, ila kwa jeraha ni kali mno. Kausha kwa kugusagusa na karatasi laini, usisugue taulo. Paka mafuta kiasi cha kung'aa tu; ukipaka kama unakaanga, ngozi inalowa na magamba yanang'oka na wino. Mawese yenyewe, majivu, asali ya bibi kutoka Tabora, yote yabaki jikoni.

Utalala kifudifudi wiki nzima. Tandika kanga safi ya pamba na ubadilishe kila siku. Chandarua kifungwe vizuri, maana mbu akikuuma mgongoni utajikuna usingizini. Kati ya siku ya tano na ya kumi na nne ngozi itabanduka kama nyoka anayejivua, na itawasha kuliko ulivyowahi kuwashwa. Usikune. Piga vikofi vya taratibu, au toka nje ukalalamike kwa mtu.

Usibebe begi mgongoni wala gunia. Vumbi la kiangazi ni adui, kwa hiyo shati pana la mikono mirefu ukiwa kwenye bodaboda. Ziwani usiingie kabisa hadi ngozi ifunge, na hili ndilo wanaloshindwa: wanatoka kwangu Jumamosi, Jumapili nawaona Katonga wanaogelea. Maji ya ziwa yana vijidudu, na wino mbichi ni jeraha la upana wa mgongo.

Baada ya siku ya tatu maumivu na joto vipungue. Vikiongezeka, kukiwa na usaha, harufu au homa, nenda zahanati au hospitali ya Maweni siku hiyohiyo. Wekundu hautauona vizuri kwenye ngozi yetu, kwa hiyo mwambie mtu akuguse kwa mgongo wa kiganja, sehemu iliyochorwa kisha isiyochorwa, alinganishe joto. Ukienda kuchangia damu, sema una tatuu mpya, watakuambia usubiri.

Baada ya kikao cha mwisho

Miezi miwili ikipita ngozi itakuwa imetulia na tutaona ukweli: hapa mstari umekatika, pale weusi una tundu. Kutengeneza hivyo ni saa moja au mbili, na fundi muungwana hakutozi kwa kosa lake. Kuanzia hapo jua ndilo litakalokula mchoro wako. Anayefanya kazi majini bila shati atauona ukifubaa mapema kuliko wa karani. Mafuta ya kukinga jua ya SPF 30 kwenda juu yanasaidia, na shati linasaidia zaidi tena ni bure.

Siku ya ukaguzi njoo asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Hutakaa kitini. Utasimama mlangoni umenipa mgongo, nami nitavuka barabara hadi kwa muuza vocha, nikutazame kutoka kule.